Kadi Arobaini na Moja

Kapsoya, Eldoret
Jumapili, 11 Februari 2024

Kwa Oketch,

Salamu za Mama zitangulie, maana amekaa hapa kando yangu na amenionya nisianze na ugomvi. Anakula vizuri, ila miguu inamsumbua asubuhi. Cate wangu amejifungua msichana wiki mbili zilizopita na amempa jina la Mama, Kavetsa. Mimi nilistaafu Desemba. Miaka thelathini na moja katika maabara ya shule, wakanipa saa ya ukutani na keki. Huku ni kiangazi, vumbi limeingia hadi kwenye sukari.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yako sitaishika. Tangu ulipokosa mazishi ya Baba, kila tukizungumza mmoja wetu anakata. Barua angalau mtu huisoma mpaka mwisho.

Jambo lenyewe ni mawe ya Baba. Kuna mtaalamu wa miamba, Dkt. Lusweti, anaandaa maonyesho ya mawe ya zamani hapa mjini mwezi wa Novemba. Alisikia habari zetu kwa mwalimu mwenzangu, akaja nyumbani, nami nikamfungulia sanduku. Aliponyanyua namba kumi na saba, ile florspa ya rangi ya zambarau ambayo fuwele zake zimepangana kama dadu, alikaa chini bila kukaribishwa. Alisema kona zote ni nzima, hata moja haijamegeka, na kwamba mawe ya namna hiyo yaliyobaki nchini anaweza kuyahesabu kwa vidole. Anayataka yote arobaini na moja. Kadi hakuzisoma siku hiyo, alisema atarudi na vifaa vyake.

Mama aliuliza kitu kimoja tu: "Na watu watajua ni nani aliyeyatoa?"

Unajua kadi zinasema nini. Kila jiwe limekalia kibao chake cha mbao, kila kibao kimebandikwa kadi, na kila kadi inasema kwa Kiingereza kwamba jiwe lilikusanywa na T. Whitlow. Whitlow, yule Mzungu bosi wa Baba, alikuwa juu amekaa kwenye kiti cha turubai, na Baba ndiye aliyeteremshwa kwa kamba kwenye majabali ya Kerio. Baba ndiye aliyepoteza jicho la kushoto chembe iliporuka kutoka chini ya nyundo, akiitoa hiyohiyo namba kumi na saba. Mzungu akaandika jina lake, akamwachia mawe kama zawadi, akarudi kwao. Baba akaishi zaidi ya miaka hamsini na jicho moja, akiyapangusa mawe yale kila Jumamosi kwa brashi ya kunyolea, na jina la mtu mwingine likimkodolea macho.

Basi nimeamua. Nitabandua kadi zote niandike mpya zenye jina la Baba. Sikuombi ruhusa, nakujulisha.

Dada yako,
Apondi


Leeds
10 Machi 2024

Dada Apondi,

Barua yako imenifikia Alhamisi na nimeisoma mpaka mwisho, kama ulivyosema. Mpe Cate hongera zangu, na huyo Kavetsa mdogo mshikie mkono kwa niaba yangu. Hongera pia kwa kustaafu, ingawa sijui utakaaje bila watu wa kuwafokea. Huku baridi haijaondoka. Kazi ni ileile, kwenye nyumba ya wazee, na afya si mbaya. Nimefurahi kusoma Kiswahili chetu. Mama Mmaragoli na Baba Mjaluo walituachia lugha hii moja ya kugombana nayo, na hapa sina wa kuizungumza naye.

Kuna mzee mmoja ninayemhudumia, anaitwa Bwana Arthur, naye amekusanya mawe maisha yake yote. Dirishani amepanga fuwele za kila rangi. Ndiye aliyenifunza kwamba wakusanyaji hutazama kadi kabla ya kutazama jiwe.

Kwa hivyo nakuomba: usiziguse kadi. Hata moja. Usiloweshe, usikwangue, usiandike juu yake. Sababu ninayo, lakini si ya kuandika kwenye barua. Mwambie Dkt. Lusweti asogeze maonyesho hadi Januari. Mimi nakuja Desemba na nitalishughulikia mwenyewe. Hayo mambo ya jina la Baba niachie mimi.

Msalimie Mama sana.

Ndugu yako,
Oketch


Kapsoya
21 Aprili 2024

Oketch,

Mama anakusalimu. Mvua imeanza, na lile shamba tulilokodi Ainabkoi tumelipanda mahindi na viazi. Mtoto wa Cate ameanza kucheka, anacheka na kila mtu isipokuwa mimi.

Barua yako nimeisoma mara tatu. "Niachie mimi." Nimekuwa nikiosha vyombo na maneno hayo masikioni. Nilipokuwa nikimgeuza Baba kitandani kila baada ya saa mbili asipate vidonda, ulimwachia nani? Wewe unalipwa kuosha wazee wa wenyewe. Wako nilimwosha mimi, miaka tisa. Siku tunamzika Ugenya watu waliniuliza mtoto wa kiume yuko wapi, na nikasimama mbele ya ukoo mzima nikisema kazini wamekunyima ruhusa, huku shangazi zetu wakitazamana.

Sasa umepata mzungu wako wa kukufunza kwamba karatasi ya mzungu haiguswi. Na una sababu ambayo dada yako hafai kuisoma. Sijui ni sababu gani hiyo, na nilipoitafuta kichwani sikupata yoyote iliyo nzuri. Labda una mnunuzi huko ambaye anataka jina la Whitlow kwenye kadi. Kama ni hivyo, niambie tu, nitakuelewa bila kukusamehe.

Maonyesho ni Novemba na hayasogezwi. Mawe yako salama. Habari ya kadi imekwisha, usiniulize tena.

Apondi


Leeds
26 Mei 2024

Dada,

Hamjambo wote? Natumaini mahindi yameota. Nimemtumia Mama shali ya sufu, ya rangi ya maziwa, itamfaa Julai.

Sina mnunuzi. Nimeumia kwamba umewaza hivyo, lakini tuyaache. Umeandika kwamba habari ya kadi imekwisha. Imekwisha vipi? Umeziacha, au umezifanya nini? Nijibu hilo moja tu. Piga picha kibao cha namba kumi na saba, kwa mbele, umpe Cate anitumie kwa simu.

Nilipiga kwa Cate. Anasema nimwulize mama yake.

Ruhusa ya Desemba nimeshaipata. Tafadhali, Apondi.

Oketch


Kapsoya
15 Septemba 2024

Ndugu yangu Oketch,

Shali ilifika Julai kabisa, baridi ikiwa imetushika, na Mama halali bila hiyo. Amekuwa na kikohozi lakini kimetulia. Mahindi yamebeba vizuri. Samahani kwa kukaa kimya miezi hii yote. Nilianza barua nne na kuzichana.

Wacha nikuambie, halafu ucheke ukitaka.

Kadi nilizibandua Aprili, Jumamosi moja baada ya barua yako. Nisingekuwa na hasira labda ningengoja. Niliyatoa mawe kwenye vibao nikayalaza juu ya pamba, nikatia vibao kwenye beseni la maji moto. Gundi ilikuwa ngumu ajabu, kadi hazikutoka nzima, ikabidi nizikwangue kwa kisu cha jikoni, na karatasi ikawa uji. Niliukamua nikauanika juu ya bati, na ulipokauka nikautia kwenye jiko la makaa. Nilifurahi, Oketch. Nakuambia kweli, nilikaa kwenye kigoda nikatazama jina la Whitlow likiungua na nilifurahi.

Kisha nikaandika mpya. Unajua mwandiko wangu. Nilinunua wino wa chupa mjini, na karatasi nikailoweka kwa majani ya chai ili isionekane ya jana. Niliandika arobaini na moja: namba, jina la jiwe, mahali, mwaka, na "Imekusanywa na Zablon Okeyo". Nilimsomea Mama moja baada ya nyingine na akaniambia Baba angekunywa chai mbili siku hiyo.

Dkt. Lusweti alikuja Agosti tarehe ishirini na tisa, na lenzi yake na daftari. Mawe aliyatazama saa nzima. Halafu akachukua kadi ya kwanza, akaipeleka dirishani. Akachukua ya pili. Ya tatu akainusa.

"Mama," akasema, "hii karatasi mbona inanukia chai?"

Nilimwambia Mzee alikuwa anapenda chai. Nina miaka sitini na nikadanganya kama mtoto wa darasa la tatu.

Akanigeuzia kadi ya kumi na saba akaweka kidole. "Hapa umeandika Kaunti ya Elgeyo Marakwet, mwaka wa elfu moja mia tisa sitini na tisa. Hizi kaunti, Mama, si tumeanza kuwa nazo juzi tu, 2013?"

Niliandika kaunti kwa sababu nilitaka iwe sahihi. Miaka thelathini na moja nikiwafunza watoto kubandika lebo kwenye chupa, kila kitu kiwe sahihi.

"Sasa zile original ziko wapi?"

"Nilichoma."

Alivua miwani. Hakunifokea, na ningependa angenifokea. Alisema jiwe bila kadi yake ni kama mtu bila kitambulisho, hata akiwa mzuri namna gani huwezi kusema ametoka wapi. Nilimwambia kadi zile zilikuwa uongo. Akasema uongo wa zamani angeweza kuuchunguza na kuusahihisha, angeandika chini yake kwamba familia inasema vingine, lakini karatasi niliyoipika mimi haimsaidii mtu. "Kama ungeniambia mapema tu, Mama. Tungezibandua taratibu, tuone kila kitu." Atayaonyesha mawe, ni mazuri mno kuyaacha. Ila jina halitaandikwa. La Whitlow hana ushahidi nalo tena, na la Baba amelikuta kwenye kadi za kughushi.

Mama hajui. Nimemwambia Dkt. Lusweti amezipenda kadi.

Sasa wewe niambie hiyo sababu yako. Nimeshaaibika, hakuna kitakachonizidi.

Apondi


Leeds
6 Oktoba 2024

Dada Apondi,

Nimefurahi shali imemfaa Mama. Kikohozi msikipuuze, mpelekeni akaonwe. Bwana Arthur alifariki wiki iliyopita, na wanawe wamekuja kuyafunga mawe yake kwenye magazeti.

Sijacheka. Barua yako niliisomea kazini, nikaenda kukaa kwenye chumba cha nguo chafu mpaka nilipoitwa.

Mwaka wa 2019 Baba alinipigia simu, wewe ukiwa sokoni. Aliniambia kwamba jicho lilipotoka, Whitlow alimleta hospitali Eldoret na akakaa naye siku nne. Baba alipotoka hospitali, Whitlow alikuja na zile kadi kabla hazijabandikwa. Nyuma ya kila kadi alikuwa ameandika kwa mkono wake kwamba jiwe hilo lilitolewa mwambani na Zablon Okeyo, akaweka sahihi na tarehe. Baba naye akatia kidole gumba, zote arobaini na moja. Whitlow alimwambia upande wa mbele hawezi kuandika hivyo, wakubwa wake hawatakubali, lakini siku moja mtu atazibandua na atajua. Halafu akazibandika mwenyewe, kwa gundi ya seremala, zisitoke.

Baba hakuwa akitazama jina la mtu mwingine miaka ile yote, Apondi. Alijua lake liko hapo.

Nilimwuliza kwa nini hakukuambia wewe uliye naye nyumbani. Alisema, "Jina hubebwa na mtoto wa kiume. Dada yako nikimwambia atazibandua kesho yake ahakikishe." Hayo ndiyo maneno yake na sitayapunguza, kwa sababu najua utayauliza.

Ningeweza kukuandikia hayo mwezi wa Machi. Mistari mitatu tu ingetosha. Sikukuandikia kwa sababu nilitaka kuja Desemba niite ukoo, nizibandue mbele yao kwa mvuke, moja moja, wote waone. Wale walioulizia niko wapi siku ya mazishi waone nimeleta nini. Na kuhusu mazishi, kazini hawakuninyima ruhusa. Walinipa wiki mbili. Niliona haya kuja mikono mitupu baada ya miaka kumi na minne, nikakuachia wewe unisemee uongo.

Kwa hivyo usibebe hili peke yako. Wewe ulichoma, lakini kiberiti nilikushikisha mimi.

Ndugu yako,
Oketch


Kapsoya
Jumapili, 24 Novemba 2024

Oketch,

Mama yuko vizuri, kikohozi kilikuwa ni baridi ya Julai tu, daktari amesema. Mahindi tumeyakausha na kuyatia ghalani. Kavetsa mdogo amesimama kwa kushikilia meza.

Barua yako niliiweka chini ya godoro mwezi mzima. Nilikuwa nikiitoa, nasoma pale Baba anaposema ningezibandua kesho yake nihakikishe, naikunja tena. Miaka tisa nilimlisha kwa kijiko. Alijua nikimgusa ni mimi kabla sijasema neno. Na jambo moja aliloona la maana kulisema kabla hajafa alingoja niende sokoni. Nimemkasirikia maiti, Oketch, na hilo halina dawa. Kibaya zaidi ni kwamba alinijua vizuri. Nilizibandua kweli, ila sikuangalia nyuma.

Vibao nilivitafuta vyote arobaini na moja nikavitazama kwa tochi na lenzi ya Cate. Niliviosha safi sana. Hakuna hata herufi.

Wewe siwezi kukwambia nimekusamehe. Mistari mitatu, umesema mwenyewe. Nitajaribu siku nyingine.

Maonyesho yalifunguliwa jana. Ukumbi ulijaa, watu wa serikali, watoto wa shule wakiwa wamepangwa mistari. Mawe ya Baba yamewekwa katikati, chini ya taa, ndani ya kioo. Sikuwahi kuyaona hivyo. Namba kumi na saba imesimama peke yake, na mwanga unapita ndani yake mpaka upande wa pili. Watu walikuwa wakiizunguka na kurudi. Chini yake kuna kadi mpya ya Dkt. Lusweti, imechapwa: "Na. 17. Florspa juu ya jiwe la kwatzi. Bonde la Kerio. Aliyekusanya: hajulikani."

Nilikuwa nimepanga Mama asije. Nilisema ni mbali, nikasema kutakuwa na baridi. Alivaa shali yako saa kumi na mbili asubuhi akakaa mlangoni na fimbo. Tulimpeleka mimi na Cate kwa teksi.

Unajua Mama hakusoma. Alisimama mbele ya kioo akalitazama jiwe muda mrefu, halafu akaweka kidole juu ya kioo, pale ilipo kadi.

"Nisomee."

Cate aligeuka akatazama ukuta. Mimi nikasoma. "Namba kumi na saba. Florspa. Bonde la Kerio. Imekusanywa na Zablon Okeyo, wa Eldoret."

"Soma tena."

Nikasoma tena, kwa sauti, maana masikio yake nayo yamepungua. Mwalimu mmoja aliyekuwa na wanafunzi wake karibu nasi alitazama kadi, akanitazama mimi, akawasogeza watoto mbele. Nilimshukuru na nilimchukia.

Nilidhani yamekwisha. Mama akasogeza fimbo mpaka kwenye jiwe lililofuata, akaweka kidole. "Na hapa?"

Alitaka yote. Hakuruka hata moja. Nilisoma mara arobaini na moja, Oketch, katikati ya ukumbi, na kila kadi macho yangu yalikuwa yakiona neno moja na mdomo ukisema lingine. Tulipofika mwisho alikaa kwenye benchi, akafunga macho na kuniambia nimefanya kazi nzuri, kwamba Baba alizaa mtoto.

Maonyesho yataendelea hadi mwisho wa Januari. Ameshasema ukija utampeleka, anataka kusikia mtoto wa kiume akisoma jina la baba yake. Utasimama pale niliposimama, aweke kidole, na utamsomea zote. Kama utashindwa, bora tiketi yako uirudishe.

Apondi